Kabla ya kufungua leseni mtandaoni, safisheni daftari

Mkuu mleta uzi, umesema umehamishiwa kitengo cha biashara, halmashauri yenu inahamisha leseni za biashara za kundi B (zile zinazotolewa na halmashauri) kwenye mfumo wa mtandaoni robo ijayo, kompyuta mpya zimeshafika, mafunzo ni ya siku mbili, na hujui uanze na lipi. Waliotangulia kukujibu wameng'ang'ania intaneti na jenereta. Hawajakosea, ila mimi hayo ningeyaweka mwisho. Anza na daftari la wafanyabiashara, yaani ile leja yenu.

Nimekaa pande zote mbili za dirisha. Nilifanya kazi ya mkataba kitengo cha biashara kwenye halmashauri mojawapo ya mkoa huu wa Tanga (zipo 11, msihangaike kukisia), kipindi leseni zinatoka kwenye leja kwenda kwenye mfumo. Siku hizi nina stesheneri yangu Ngamiani, na asubuhi wateja wengi wanakuja "kuombewa leseni". Kinachokosewa ofisini kinaishia mezani kwangu.

Fungua leja yenu ya zamani uone. Kuna mama mmoja ameandikwa mara tatu: mwaka wa kwanza kwa jina lake, mwaka uliofuata kwa jina la mumewe kwa sababu ndiye aliyekwenda kulipia, mwaka wa tatu kwa jina la duka. Karani wa leja hakuona tatizo, kwani alikuwa anamjua. Mfumo haumjui. Ukimwingiza hivyo hivyo unapata wafanyabiashara watatu, mmoja ana leseni hai na wawili ni wadaiwa sugu. Halafu mgambo anatumwa na orodha ya wadaiwa.

Tarehe nazo ni balaa. Leseni ni ya miezi 12 tangu siku inapotolewa, lakini leja nyingi utakuta umeandikwa mwaka tu, au tarehe ya stakabadhi imefutwa na maji. Waingiza taarifa wakikosa tarehe wanajaza Januari mosi ili safu isibaki tupu. Matokeo yake mtu aliyekata leseni Machi anaambiwa imekwisha tangu Januari na faini ya kuchelewa imeshaanza kuhesabiwa. Nakumbuka mzee mmoja wa vipuri vya baiskeli aliyekuja ofisini na leseni yake ikiwa bado ndani ya kioo, uzi wa kutundikia unaning'inia, vumbi la ukutani bado lipo juu. Sheria inamtaka aibandike mahali pa wazi dukani, naye alikuwa ameitii. Akaiweka kaunta, akasema, "Wanangu, hii mmeandika ninyi au nimeandika mimi?" Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa pale pale, maana wa kurekebisha tarehe kwenye mfumo hakuwa yule aliyekaa dirishani.

Kwa hiyo usiingize leja kwenye mfumo. Ingiza uhakiki. Toka na watendaji wa mitaa, mtaa kwa mtaa, fremu kwa fremu. Chukueni jina kama lilivyo NIDA (kitambulisho cha taifa) na ile namba yake ya tarakimu 20, TIN (namba ya mlipa kodi), aina ya biashara, mtaa na namba ya nyumba, na tarehe ya leseni mkiisoma wenyewe kwenye leseni iliyotundikwa, si kwa kuambiwa. Kule Ngamiani nyumba moja inaweza kuwa na fremu nne barabarani na zote zinatumia namba moja ya nyumba, basi andikeni fremu ya ngapi kutoka kona. Inaonekana upuuzi mpaka siku fremu mbili zinapopokea deni moja.

Hapo kwenye majina nendeni taratibu. Sisi watu wa pwani mtu ni Mwanahamisi kwenye NIDA, Mwanahamis kwenye TIN, na Mwana kwenye mkataba wa pango. Wengine TIN ina majina mawili, NIDA ina matatu. Halmashauri haina uwezo wa kurekebisha TIN, hiyo ni kazi ya TRA (mamlaka ya mapato), na jina la NIDA ni kazi ya NIDA. Ukimgundua mtu huyu kwenye uhakiki, ana miezi ya kwenda kunyoosha majina yake. Ukimgundua siku leseni imekwisha, atanyooshea majina huku duka limefungwa.

Uhakiki utakuonyesha pia wale wenye duka Mgandini na jingine Kange kwa leseni moja waliyoitoa kopi. Leseni ni ya biashara hiyo mahali hapo. Maduka mawili, leseni mbili. Na utakutana na waliokuwa na kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, vile vilivyoanza Desemba 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Wengi wao wametoka kwenye meza wamepanga fremu, mtaji umekua, na kwa imani yao kile kitambulisho ndiyo leseni. Hawa waelezeni kabla hamjawaandika kuwa wakwepaji.

Sasa namba ya simu. Hili silioni kwenye mafunzo yoyote na ndilo linalowatesa watu kuliko yote. Mfanyabiashara anakuja stesheneri, hana simu kubwa, au anayo lakini bando hana. Kijana wa stesheneri anamfungulia akaunti. Panapotakiwa simu, anaweka ya kwake, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho unatakiwa sasa hivi na mteja simu ameiacha inachajiwa dukani. Barua pepe ni ya kijana, neno la siri ni la kijana. Leseni inatoka, kila mtu anafurahi. Baada ya miezi 12 kijana kahamia Dar, laini kaitupa. Mwenye duka hawezi kuingia, taarifa za deni zilikuwa zinakwenda kwa mtu mwingine, na akijaribu kufungua akaunti mpya anaambiwa TIN yake tayari imetumika. Nimeletewa kesi za namna hii mpaka nimeweka sharti: huna simu yako mkononi, sikufungulii. Wengine hunikasirikia, wanakwenda kwa jirani.

Mkuu, dawa yake iko kwenu. Waiteni watu wa stesheneri kwenye mafunzo. Halmashauri nyingi zinatuona kama vishoka, na kweli wapo wanaotoza bei za ajabu, lakini tupende tusipende maombi mengi yatapita mikononi mwetu. Tukae chumba kimoja na afisa biashara, tukubaliane kwamba simu ni ya mteja, neno la siri anaandika mteja, na nakala ya kitambulisho haibaki kwenye kompyuta ya duka. Hilo la mwisho si hisani, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nenda stesheneri yoyote ufungue folda ya vilivyoskaniwa uone vitambulisho vya watu vilivyojazana humo. Mimi nafuta mteja akiwa bado amekaa.

Mafunzo yenyewe, wakufunzi wetu wengi ni wa waja leo waondoka leo. Wanaonyesha ombi moja lililokamilika, linapita vizuri, picha ya pamoja, chai na vitafunio. Waombe wafundishe kwa mafaili yenu yenyewe, tena yale mabaya. Mjane anayeendeleza duka la marehemu. Ombi lililorudishwa kwa sababu mkataba wa pango umeskaniwa ukurasa mmoja. Mtu aliyelipia namba ya kumbukumbu ya malipo ya mwaka jana. Aliyeomba kwenu biashara ya kundi A, ambayo leseni yake inatolewa na BRELA (wakala wa usajili wa biashara). Anayedhani leseni ya duka inamruhusu kuuza bia, wakati vileo vina sheria yao tangu 1968. Karani anayejua kumjibu huyo bila kumpandisha ngazi mara tatu ndiye aliyefunzwa.

Mkiwa hapo, ng'oeni tangazo la zamani la viambatisho ukutani. Si ajabu likawa bado linawaelekeza wauza vyakula na vipodozi kwa TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa), ilhali tangu 2019 mambo hayo yalihamia TBS (shirika la viwango) na dawa zikabaki TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Watu wanapiga picha hizo karatasi na kusambaziana WhatsApp.

Kuhusu nani anaidhinisha nini: kwenye karatasi, faili likikwama kwa afisa afya unamfuata kwa miguu, unamkuta hata kwenye mgahawa wa jirani, anasaini. Kwenye mfumo ombi linakaa kwenye akaunti yake. Akiitwa Dodoma kikaoni, linamsubiri. Akiwa likizo, linamsubiri. Kinachofuata kila mtu anakijua: anamwachia neno la siri mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na leseni zinaidhinishwa na mtu asiyejulikana kisheria. Siku mkaguzi wa ndani akiuliza nani alipitisha bucha lisilo na maji, mfumo utataja jina la afisa. Mkurugenzi aandike mapema barua za kukaimu kwa kila hatua, na mtu wa TEHAMA awafungulie wanaokaimu akaunti zao wenyewe. Ni kazi ya nusu siku, lakini nimeona ikiahirishwa mpaka maombi yanajaa.

Madiwani wasipuuzwe. Wao ndio watakaopigiwa simu usiku na mwenye saluni kwamba "mfumo umenikataa". Waambie kwa lugha yao: ada ya leseni inaingia mapato ya ndani, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ndiyo mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanayoulizwa kila mkutano wa hadhara. Ukishafika hapo wanakusikiliza.

Intaneti na umeme: laini mbili za mitandao tofauti, betri ya kutunza kompyuta umeme ukikatika, na fomu ya karatasi yenye safu zile zile za mfumo kwa siku ambayo vyote vimegoma. Kama mna kata za milimani, mtu asifungwe safari ya kushuka makao makuu kwa sababu ya kuskani. Mtendaji wa kata apewe kishikwambi na bando lililo kwenye bajeti, si la mfukoni mwake.

Ufunguzi wenyewe usiwe wa halmashauri nzima. Anzeni na kata moja, tena wanaohuisha tu, waombaji wapya waje baadaye. Na ukiulizwa tarehe, kataa Juni kabisa. Mwezi huo mwaka wa fedha unafungwa, mweka hazina anakimbizana na lengo la makusanyo, na hakuna atakayekuwa na subira ya kumrekebishia mtu jina. Agosti inafaa zaidi.