Je, aliyeokoka akidumu katika uzinzi bado ana wokovu?

Swali: Mume wangu, tuliyeokoka naye siku moja, amempangishia mwanamke mwingine chumba. Nikimuuliza hufungua Yohana 10:28 na kusema hakuna awezaye kumpokonya katika mkono wa Bwana. Je, ameokoka? Nami ninyamaze?

Jibu: Dada yangu katika Bwana, barua yako nimeisoma mara mbili, na imeniuma. Kwamba tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, hilo sote tunalikiri. Ninachokikataa ni kauli ya "ukishaokoka umeokoka" kugeuzwa kibali cha kutenda dhambi. Mumeo anasoma aya ya 28 huku akiiruka ya 27, ambamo Bwana anawatambulisha kondoo hao hao kwamba waisikia sauti yake nao wamfuata. Ahadi ya mkono ule wamepewa hao. Paulo mwenyewe aliuliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, akajibu: "Hasha!" Tena wale wachungaji waliokutana Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, wakatetea kwa nguvu kwamba Mungu huwahifadhi wateule wake hadi mwisho, waliandika pia kwamba muumini akianguka katika dhambi kubwa humhuzunisha Roho na kujeruhi dhamiri yake mpaka arudi kwa toba ya kweli. Baadaye wafuasi wa John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, walipingana nao, wakifundisha kwamba neema yaweza kupotea. Lakini hakuna upande uliomruhusu mtu kustarehe dhambini.

Simzungumzii anayeanguka akalia. Huyo asiogope maneno yangu. Daudi alizini, lakini nabii Nathani alipomkabili alisema, "Nimemfanyia BWANA dhambi," wala hakutafuta aya ya kujikinga. Moyo wa mumeo anaujua Mungu, ila mimi sina msingi wowote wa kumhakikishia wokovu akiwa katika hali hiyo, na mchungaji anayempa uhakika huo anamdhuru.

Usinyamaze. Mathayo 18 inakupa njia: mwambie peke yenu, na asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe, kisha uliambie kanisa. Wanaokuambia uvumilie na kuomba tu wamekupa nusu ya shauri. Nenda pia kituo cha afya ukapime virusi vya Ukimwi, na usikubali kulala naye kabla naye hajapima, kwa maana kuulinda mwili wako si kukosa imani. Ukiogopa kumkabili, niambie siku; nitakuja na mke wangu tukae nanyi.