Bunduki ya Zamani, Majedwali Haba: Maswali na Majibu ya Kujaza Risasi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa Waswahili walioko Marekani, ambako sheria inamruhusu mtu kujijazia risasi zake nyumbani, yaani kulirudishia ganda la shaba lililokwisha kutumika fataki (kijikofia cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa (kipande kinachoruka), na karibu zote zinahusu bunduki za zamani ambazo vitabu vya leo havizitaji, au vinazitaja kwa mistari miwili tu.

Nimenunua bunduki ya .318 Westley Richards hapa Montana. Vitabu vyangu vitatu vya kujazia risasi havina hata ukurasa mmoja juu yake. Nianzie wapi?

Anza na mtutu, ndugu yangu, wala usifungue kopo la baruti kabla hujaupima. Risasi hiyo ilitolewa na kampuni ya Westley Richards ya Birmingham mwaka 1910, ikapendwa sana na wawindaji na walowezi wa Afrika Mashariki, lakini jina lake linapotosha: kipenyo cha kichwa chake si .318 ya inchi bali ni .330, yaani milimita 8.38. Anayeagiza vichwa kwa kusoma jina peke yake ataletewa vichwa vya milimita 8.08, vilivyokusudiwa bunduki kongwe za Kijerumani za 8x57, navyo vitapwaya ndani ya mtutu wako. Kosa la upande wa pili ndilo la hatari zaidi, yaani kusukuma kichwa kinene katika mtutu mwembamba, kwa sababu shinikizo hupanda ghafla.

Kwa hiyo chukua kipande cha risasi, madini yenyewe, laini na kinene kidogo kuliko mtutu. Paka mafuta, kisha ukisukume taratibu kwa ufito kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono wenyewe utakueleza mengi: mahali ufito unapoteleza ghafla, mtutu umelika, mahali unapokwama, huenda kuna kutu au uvimbe. Kipande kikitoka kitakuwa na alama zote za mifereji (michirizo ya ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa), nawe utakipima kwa mikromita sehemu yake nene. Chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ganda linapokaa, nayo ipigwe kalibu kwa Cerrosafe, aloi inayoyeyuka kwa joto dogo kuliko la maji yanayochemka. Aloi hiyo husinyaa kwanza, kisha hutanuka, na hulingana na ukubwa halisi wa chemba baada ya saa moja hivi, kwa hiyo usiipime mara tu inapoganda. Baada ya hapo mpelekee fundi wa bunduki akague bolti (komeo linalofunga nyuma ya mtutu) na nafasi iliyopo kati ya uso wake na kitako cha ganda. Bunduki iliyozidi miaka mia moja imepita mikononi mwa watu usiowajua, na huenda mmoja wao aliwahi kuijaza kupita kiasi.

Baruti ndiyo inayofuata. Waandikie watengenezaji wa baruti moja kwa moja, kwa kuwa wengi wao wana mafundi wanaojibu maswali ya wateja, na baadhi wana vipimo vya maabara ambavyo havikuchapishwa. Eleza ganda lako, uzito wa kichwa na urefu wa mtutu. Ukipata jedwali la zamani la vipimo vya baruti, hakikisha kwamba baruti inayotajwa ndiyo hiyohiyo uliyo nayo, kwa herufi na kwa namba, kwa sababu baruti mbili zenye majina yanayokaribiana huweza kuwaka kwa kasi tofauti kabisa.

Je, nisichukue tu vipimo vya baruti vya risasi ya .338-06, ambayo inafanana sana na .318?

Usivichukue jinsi vilivyo. Kufanana kwa sura hakutoshi, maana kinacholeta shinikizo ni nafasi iliyomo ndani ya ganda, kipenyo cha mtutu, uzito wa kichwa na umbali wake kutoka mwanzo wa mifereji. Ukiwa na uzito uleule wa baruti na kichwa, ganda lenye nafasi ndogo litaleta shinikizo kubwa zaidi.

Nafasi hiyo unaweza kuipima mwenyewe mezani. Chukua ganda lililokwisha kufyatuliwa katika bunduki yako, liache na fataki yake iliyotumika ili maji yasivuje, ulipime likiwa kavu, kisha ulijaze maji mpaka uso wake ulingane na mdomo wa ganda, pasipo kuvimba wala kuzama. Ondoa viputo kwa kuligongagonga kwa ukucha, halafu lipime tena. Tofauti ya uzito ndiyo nafasi. Pima maganda matano ya kiwanda kimoja, kwa kuwa viwanda hutofautiana katika unene wa shaba. Takwimu hiyo ndiyo inayohitajika pia na programu za kompyuta za kukadiria shinikizo kama QuickLOAD, na ukiingiza nafasi iliyonakiliwa mahali fulani badala ya uliyoipima, jibu litakuwa la bunduki ya mtu mwingine. Hata ukiingiza iliyo sahihi, jibu lake ni makadirio, halina uzito wa kipimo cha maabara.

Jedwali la risasi jirani, kwa maoni yangu, linafaa kwa jambo moja: kukuonyesha aina ya baruti inayofaa. Kiasi chake usikichukue humo.

Nimekuwa nikiongeza baruti nusu grani (kipimo kidogo cha uzito) kila hatua. Fataki bado ni za mviringo mzuri, hazijabapa. Naweza kuendelea?

Hapana, na swali hili ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Fataki iliyobapa, alama ya kung'aa kwenye kitako cha ganda na bolti inayonyanyuka kwa shida ni dalili zinazochelewa. Mara nyingi huonekana wakati shinikizo limeshavuka kiwango hata cha bunduki za kisasa, na bunduki yako iliundwa kwa kiwango cha chini kuliko hicho. Fataki za viwanda tofauti zina ugumu tofauti, hivyo moja hubapa mapema na nyingine haibapi kabisa.

Kinachokufaa ni kifaa cha kupimia mwendo wa risasi. Kichwa cha grani 250 cha .318 kilitangazwa na kiwanda kuwa na mwendo wa futi 2,400 kwa sekunde, karibu mita 730, na mara nyingi takwimu za zamani zilitokana na mitutu mirefu kuliko yetu. Mwendo haupatikani bure. Unatokana na shinikizo. Ukikaribia mwendo huo kwa mtutu mfupi, umefika, simama hapo. Na ikiwa nusu grani iliyokuwa ikiongeza futi 30 sasa inaongeza 70, au haiongezi kitu, rudi nyuma hatua mbili bila kubishana na kifaa. Ukibadilisha ganda, fataki, kichwa au hata toleo la baruti, anza upya kutoka chini.

Basi kwa usalama nipunguze baruti hadi nusu?

Usifanye hivyo kwa baruti inayowaka polepole. Kiasi kidogo mno cha baruti ya namna hiyo ndani ya ganda kubwa kimewahi kuhusishwa na mipasuko ya bunduki, na vilevile kichwa huweza kukwama ndani ya mtutu. Kiwango cha chini kinachotolewa na mtengenezaji kiheshimiwe sawa na cha juu. Na hakikisha mzani wako unasoma grani: grani 50 ni gramu 3.24 tu.

Niko Texas. Risasi nilizozijaza wakati wa baridi zinafanya bolti iwe nzito wakati wa kiangazi. Kosa ni langu?

Ni joto, na ni jambo la zamani. Baruti ya kordaiti waliyotumia Waingereza iliongeza shinikizo kwenye jua kali, na risasi iliyofyatuka vizuri Uingereza iliweza kukwamisha bunduki Afrika au India. Ndiyo sababu ganda la .416 Rigby, risasi ya Kiingereza ya kuwindia wanyama wakubwa, la mwaka 1911 ni kubwa kiasi kile: nafasi ile iliwekwa makusudi ili shinikizo libaki chini hata kwenye joto. Baruti za sasa ni tulivu zaidi, lakini si zote. Usifyatue zilizobaki, zifungue, upunguze, kisha uzijaribu siku ya joto, na risasi uziweke kivulini, wala si juu ya dashibodi ya gari.

Naishi Arusha na nina leseni ya bunduki ya kuwindia. Naweza kujaza risasi nyumbani?

Leseni ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa ya kutengeneza risasi. Tumia za kiwandani kutoka kwa muuzaji aliyeidhinishwa.

Kwenye maganda yangu nimeona mstari unaong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako. Ni uchafu?

Futa kwanza kwa kitambaa. Usipofutika, nyoosha kibanio cha karatasi, ukunje ncha yake kama ndoano ndogo, uiingize ndani ya ganda na kuiburuta taratibu juu na chini ukutani. Ncha ikinasa kwenye mfereji mahali pa ule mstari, shaba imekonda na ganda liko karibu kukatika vipande viwili. Mimi nilikuta matatu hivyo katika sanduku moja la maganda ishirini, nikayaponda yote ishirini kwa koleo ili pasiwe na wa kuyaokota, kisha nikarudi kwa fundi kupima ile nafasi ya bolti.