Shangazi, waniuliza nitamaliza dawa lini

Shangazi, miaka mitatu iliyopita nilikatwa titi, nikamaliza dawa za dripu, watu wakaja kunipongeza. Mwaka huu daktari amesema saratani imefika mifupa ya nyonga na mgongo. Nanywa vidonge kila siku, na kwa nje naonekana mzima. Mawifi wasema nimekuwa mvivu, maana nikikalia mbuzi kukuna nazi nyonga yaniwaka, nainuka kazi haijesha. Ikifika alasiri binti yangu aja nimsuke, namwambia kesho. Na kila mtu auliza, “Utamaliza dawa lini?” Nimechoka.
Mama wa watatu, Langoni, Lamu

Pole sana, mwanangu. Hilo “lini” ndilo linalokuchosha kuliko nazi. Jamaa zako wajua ugonjwa unaopona na ugonjwa unaoua. Huu wako hawaujui: hauondoki, lakini unatibiwa, na mtu yuaishi nao. Sikwambii ni sawa na sukari, ila mgonjwa wa sukari hakuna amuulizaye atamaliza dawa lini.

Usimweleze kila apitaye. Mweleze mumeo, naye akawaambie dada zake. Mzigo huo ni wake. Maneno ni machache: saratani ni ile ile ya titi, imehamia mifupani, na dawa hizi utatumia maadamu zakufaa. Zikiacha kufaa, daktari atatafuta nyingine. Atakayeuliza tena baada ya hapo, mjibu “Alhamdulillahi” na umkaribishe chai.

Mbuzi mpishe mwingine, tena leo. Mfupa uliovamiwa waweza kuvunjika kwa jambo dogo. Wewe kaa kitini uchuje tui. Ukivuka kwenda Mokowe usiruke kutoka botini, mwambie nahodha akushike mkono, na vichochoroni ukisikia punda waja, jibanze ukutani mapema.

Maumivu nayo usiyafiche. Sisi wanawake wa pwani tumefunzwa subira hata pasipo mahali pake. Mwonyeshe daktari hasa pale panapowaka, kwani mionzi mara nyingi hutuliza mfupa unaouma. Akikuandikia mofini, usidhani umeambiwa uage. Ni dawa ya maumivu, na wako wanaoitumia wakapika na kwenda harusini. Lakini miguu ikifa ganzi au ikilegea ghafla, au haja ndogo ikawa haitoki au yajitokea yenyewe, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku ule ule, maana huenda uti wa mgongo wabanwa, na kila saa ina thamani.

Sasa huyo binti. Umemtaja kwa mstari mmoja tu, nami barua nzima nimeisoma kwa ajili yake. Adhuhuri jilaze, hata kama wifi yumo jikoni apiga sufuria. Alasiri mwite, akae chini kwenye mkeka, wewe kitini na mto mgongoni. Msuke mistari mitatu. Mikono ikichoka, mfunge leso, mmalizie kesho.