Helikopta kutua melini usiku: kwanini mataa makubwa yanazimwa

Mkuu umeuliza kwanini helikopta ikikaribia kutua melini usiku watu wanazima mataa makubwa badala ya kuyawasha. Nimefanya kazi miaka minne kwenye helideki, yaani deki ya kutulia helikopta, ya meli ya kutafuta gesi, mbali kabisa na Mtwara, nakujibu kwa nilichokiona.

Usiku kule hamna taa za mji, bahari na mbingu vimeungana, meli inaonekana kama kijitaa kinaelea tu. Hapo macho yanamdanganya rubani, anajiona yuko juu kumbe ameshashuka sana. Kwahiyo anachotafuta ni umbo. Pembezoni kuna taa za kijani zinamuonyesha deki inaishia wapi, katikati duara la njano lenye H ya kijani, sasa akija kwa pembe nzuri lile duara analiona kama yai, akiwa chini sana yai linabanwa mpaka linakuwa kamstari, akiwa juu sana linakaribia kuwa duara kamili. Spotlaiti moja ikimpiga usoni yai lote linapotea!

Usiku mmoja mwenzetu wa jikoni alibanwa kifua, helikopta ikaitwa, kumbe taa ya kreni imeachwa inaangalia deki. Rubani alikuwa ameshakaribia, akakatisha akapanda juu tena, redioni anasema zimeni ile nyeupe. Ikazimwa, raundi ya pili akatua. Ule mzunguko, mgonjwa yuko kwenye machela pembeni yangu anahema kwa shida, sijausahau.

Kingine chumvi. Kioo cha taa kikikaa siku mbili bila kufutwa kinashika utando mweupe, ukipitisha kidole alama inabaki. Kila jioni tulikuwa tunapiga magoti na kitambaa na maji yasiyo na chumvi, taa moja baada ya nyingine, na kuna vijana wanaidharau hiyo kazi, wanakosea sana.

Na wanaosema siku hizi marubani wana miwani ya kuonea gizani basi yamekwisha, hapana. Nyingi zinaonyesha upana wa nyuzi 40 tu, ni kama unachungulia kwenye bomba, halafu taa nyingi za LED hazionekani kabisa humo kwasababu chujio la miwani linakata rangi zake, rubani inabidi achungulie kwa chini na macho yake mwenyewe. Kama hapo kazini kwenu wanataka kutoa taa za zamani waweke LED, waulizeni kwanza marubani wanaokuja hapo kama wanavaa miwani.