Mabomba chini ya jamvi (zege la sakafu): maswali yenu, na yale yale tena

Meseji nyingi safari hii zimetoka Nala, Iyumbu na Ilazo, hapa Dodoma, naona kila mtu anakarabati. Twende.

Nahamishia choo ndani, chemba ya maji machafu ipo mita 4 nje. Nikate jamvi kina gani?

Bomba la inchi 4 lipe mteremko wa sentimita 2.5 kila mita, kwa hiyo hapo ni sentimita 10 toka choo mpaka mdomo wa chemba. Pima chemba kwanza ndo uwashe grenda, kuna jamaa alichana korido nzima halafu anakuja kugundua chemba yake iko juu kuliko choo. Kwenye kona weka elibo (kiungo cha kukunja bomba) 2 za nyuzi 45, siyo moja ya 90, vinginevyo tutaonana tena ukitafuta mtu wa kuzibua.

Bomba likipita kwenye msingi, fundi alishindilie na zege?

Hapana. Weka kipande cha bomba kubwa zaidi, hilo lako lipite humo ndani likiwa huru.

Fundi anasema kupima presha hakuna haja, alifungulia maji ya tangi na hakuna palipovuja.

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Tangi lako liko kwenye mnara wa mita 3, hiyo ni baa 0.3 tu jamani, hata elibo iliyobandikwa na mate inashika! Lete pampu ya kupimia, pandisha mpaka baa 10, mshale wa geji ukae hapo hapo kwa muda wa saa 2 bila kushuka, ndo zege lije. Na usiniambie gharama, gharama ni kubomoa tailizi. Ritani, yaani bomba za maji machafu, hazitaki pampu, ziba mdomo wa chini, jaza maji, weka alama, ukalale, asubuhi angalia.

Halafu kuna ugonjwa ambao hata pampu haiuoni. Juzi Nkuhungu nimekata elibo ya PPR (plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa) iliyofukuliwa chini ya jiko, bomba la milimita 25 linataka sekunde 7 kwenye mashine ya nyuzi joto 260 lakini huyu fundi nadhani alikuwa anaongea na simu, plastiki imeyeyukia ndani mpaka tundu lililobaki penseli haipiti. Haivuji hata tone, ila mama wa watu anajaza sufuria kama anamimina chai. Kwa hiyo kabla ya kufukia fungulia mwisho wa kila laini, uone ndoo inajaa vipi.

Maji safi nipitishe chini au ukutani?

Ukutani, au juu darini. Ukilazimika kupita chini basi liwe bomba moja zima, viungo vyote vitokeze juu ya sakafu, na ulizungushie mchanga usio na mawe. Wa udongo wa mbuga ndo msikilize zaidi, ule mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka, na bomba lililobanwa linaenda nao.

Jamvi limeshamwagwa, tukasahau ritani ya bafu.

Mlisahau bafu?? Haya, chora mstari, kata kwa grenda pande zote 2 ndo mvunje katikati, siyo nyundo toka mwanzo. Mkanda wa msingi, ile zege yenye nondo chini ya kuta, msiuguse.

Nyumba ya zamani Area C, bomba za chuma bado zipo chini. Niunganishie PPR hapo hapo?

Achana nazo, vuta laini mpya. Kata kipande kimoja uchungulie, kwa hii chumvi ya maji yetu utakuta jiwe.