Kutoka Nairobi hadi New York: safari ya mama ni saa ngapi hasa?

Dada, umeuliza kama mama atakaa angani saa 8 tu, kwa kuwa tiketi yake inasema kuondoka 23:55 na kutua 07:55. Hapana. Ni kama saa 15. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na New York iko nyuma yetu kwa saa 7 majira ya joto ya huko, saa 8 majira ya baridi.

Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, ni takriban kilomita 11,800 kwa mstari wa moja kwa moja. Kwenda huchukua muda mrefu kuliko kurudi kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Akirudi, ataokoa karibu saa nzima.

Ila mimi ninachohofia ni miguu yake, maana umesema huvimba. Mwombee kiti cha kando ya njia, ainuke atembee kila baada ya saa moja au mbili, na anywe maji. Daktari wake amweleze kuhusu soksi za kubana kabla hamjanunua. Omba pia kiti cha magurudumu mapema. JFK kuna mwendo mrefu na foleni ya uhamiaji.

Tena angalia tarehe vizuri: 23:55 ya Jumanne ni usiku wa Jumanne, saa sita kasoro dakika tano. Mtoke nyumbani jioni hiyo hiyo, mapema, foleni za Mombasa Road mnazijua.