Maswali yenu: Kombe la Chalenji lirudi, lakini kwa mtindo gani?

Wiki jana niliandika kwamba Kombe la Chalenji la CECAFA, yaani la timu za taifa za soka za Afrika Mashariki na Kati, lifufuliwe, na simu yangu haijapumzika tangu hapo. Nayajibu machache.

Baba yangu husema zamani walikuwa wakienda kutazama “Gosaji”. Ndilo kombe hilo hilo? (Msomaji, Kayole)

Ndilo. Gossage ilikuwa kampuni ya sabuni ya Uingereza, ndiyo iliyolitoa kombe. Kenya na Uganda walianza kuligombea mwaka 1926, Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar 1949. Jina la Gossage liliachwa 1967, na tangu 1973 ni la CECAFA. Kwa hiyo 2026 ndiyo miaka mia. Mwambie mzee ana haki ya kuringa.

Nani aliliua? (Msomaji, Rongai)

Tusitafute mchawi mmoja. Mara ya mwisho timu za wakubwa kulicheza ilikuwa Desemba 2019 jijini Kampala, Uganda wakaifunga Eritrea 3-0 kwenye fainali. Mwaka 2021 lilichezwa Ethiopia, lakini na vijana wa chini ya miaka 23.

Ugonjwa wenyewe ni kalenda. Lilizoeleka Novemba na Desemba, nje ya siku ambazo FIFA imezitengea timu za taifa, na wakati huo klabu hailazimiki kumwachilia mchezaji. Kocha anaita kikosi, nusu hawaji. Ongeza nauli, hoteli na posho za timu kumi hivi kwa wiki mbili, na mwenyeji anaanza kujikuna kichwa.

Sisi Kenya tulilipatia nini hasa? Uganda si ndio wenyewe? (Msomaji, Kariobangi)

Uganda wana 15, siwabishii. Sisi tuna saba, matatu yakiwa mfululizo 1981 hadi 1983 chini ya kocha Marshall Mulwa. Tarehe 12 Desemba 2013, siku Kenya inatimiza miaka 50 ya uhuru, Allan Wanga aliifunga Sudan mabao mawili kwenye fainali, pale uwanja wa Nyayo, Nairobi.

Lakini mimi hukumbuka zaidi Machakos 2017. Zanzibar walikuwa wameshawatoa Uganda nusu fainali. Kwenye fainali tukawafunga, wakasawazisha. Muda wa nyongeza tukafunga tena, wakasawazisha tena! Ikabidi matuta ya penalti, na kipa wetu Patrick Matasi akapangua matatu. Tulishinda, ila hata Wakenya waliwapigia Wazanzibari makofi. Mechi ya aina hiyo huipati kwa kumwalika mgeni wa mbali acheze kirafiki.

Zanzibar si wanachama wa FIFA. Wataruhusiwa? (Msomaji, Eastleigh)

Ndani ya CECAFA wao ni wanachama kamili. Walilibeba kombe 1995.

Wewe ungelipangaje? (Msomaji, Umoja)

Timu nne zile za asili (Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar), siku kumi, ndani ya kalenda ya FIFA. Nikikosa nafasi hiyo, nitatumia wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Agosti 2025 kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, timu yetu ya taifa Harambee Stars ya wachezaji wa hapa hapa iliipiga Morocco 1-0 kwenye uwanja mkubwa wa Kasarani, na hakuna aliyedai nauli yake akisema hakuona nyota wa Ulaya.

Basi fainali iwe Kasarani? (Huyo huyo wa Umoja)

Nyayo, ndugu yangu. Mtu anashuka kwenye matatu mjini na kumalizia kwa miguu. Kasarani ikiingia watu elfu tano tu, unamsikia kipa akigombana na mabeki wake.